Saa ya Taa za Nixie: Anza na Testa, Taa Nunua Mwisho

Testa ya fundi umeme, ile bisibisi yenye mpini wa plastiki unaopitisha mwanga, ina kitaa kidogo kinachowaka rangi ya chungwa ukigusa waya wenye moto. Kitaa hicho si LED, wala hakina waya mwembamba unaopata moto kama balbu za zamani. Ni kichupa cha kioo chenye gesi ya neoni na vijiti viwili vya chuma visivyogusana. Ndugu yake utamkuta kwenye swichi nyekundu ya ekstensheni. Mtu akishakielewa kitaa hicho, taa ya Nixie haina tena la kumtisha, maana ni kitaa kilekile kilichoongezewa vyuma, vyuma vyenyewe vikakatwa kwa umbo la tarakimu.

Wanaoulizia saa hizi hapa Mbeya, wawe wanafunzi wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) au mafundi wa redio na simu wa Mwanjelwa, huanza na swali moja: taa zinapatikana wapi, na bei gani? Swali ni la haki, ila halipaswi kuwa la kwanza. Saa ya Nixie ni kazi tatu zilizofungiwa kwenye sanduku moja. Ya kwanza ni kuzalisha umeme wa volti 170 hadi 180 kutoka kwenye adapta ya volti 12. Ya pili ni kuchagua tarakimu ipi iwake. Ya tatu ni kutunza saa isipotee. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji uwe na taa mkononi ili uanze kuifanya. Taa ndicho kitu ghali kuliko vyote, ndicho kinachosafiri mbali kuliko vyote, na ndicho kinachovunjika. Kinunuliwe mwisho.

Kinachotokea ndani ya kioo

Ukiwasha kitaa cha neoni kwa umeme wa ukutani, ambao hubadili mwelekeo mara 100 kwa sekunde, vijiti vyote viwili huonekana vinang'aa. Ukikiwasha kwa umeme wa DC, yaani unaokwenda upande mmoja tu kama wa betri, kinang'aa kijiti kimoja tu: kile cha upande wa hasi. Jaribio hili dogo ndilo lililobeba siri yote. Volti ikitosha, gesi iliyo katikati hupasuka na kuanza kupitisha umeme, na ule mwanga wa chungwa huganda kwenye ngozi ya kathodi, yaani chuma cha hasi, ukifuata umbo lake. Kathodi ikiwa kijiti, utaona kijiti. Ikiwa imekatwa kama 7, utaona 7.

Basi ndani ya taa ya Nixie kuna kathodi kumi, kuanzia 0 mpaka 9, zimepangwa moja nyuma ya nyingine bila kugusana, na mbele yake kuna wavu mwembamba wa chuma ambao ndio anodi, upande wa chanya. Wavu umepewa volti muda wote. Tarakimu utakayoiunganisha na hasi ndiyo itakayowaka. Nyingine tisa zinabaki gizani, na kwa vile ni nyembamba sana, hazizuii mwanga wa ile iliyo nyuma yao. Hakuna kinachochemka humo ndani. Taa iliyowaka saa nzima utaigusa kwa kidole ukakuta vuguvugu tu.

Taa hizi zilitengenezwa na Haydu Brothers Laboratories ya Marekani, kampuni ambayo Burroughs waliinunua mwaka 1954 na mwaka uliofuata wakaziingiza sokoni kwa jina la Nixie. Zikajaa kwenye mita za maabara, mashine za kuhesabia na vikokotoo vya kwanza vya elektroniki. Miaka ya 1970 LED zikaziua, kwa sababu LED haihitaji volti 170. Upande wa Muungano wa Kisovyeti lakini ziliendelea kutengenezwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ndiyo sababu taa nyingi anazonunua mtu wa kawaida leo zina maandishi ya Kirusi na mwezi na mwaka wa kutengenezwa umepigwa muhuri kwenye kioo. Mpya kabisa pia zipo: Dalibor Farný wa Jamhuri ya Cheki alifufua utengenezaji wake kwa mkono katika miaka ya 2010. Ni kazi nzuri kupita kiasi, na bei yake si ya mtu anayejifunza.

Kwa anayeanza, aina inayofaa ni IN-12. Tarakimu zake zina urefu wa milimita 18, unaitazama kwa juu na si kwa ubavu, na miguu yake ni migumu, inachomekwa kwenye soketi. Hilo la soketi ni jambo kubwa: taa ikiharibika unaichomoa, hushiki pasi ya risasi. IN-14 inapendeza zaidi kwa sababu inasimama wima kama mshumaa, lakini miguu yake ni waya laini unaolehemiwa moja kwa moja, na waya huo ukikatikia kwenye shina la kioo, taa ndiyo imekwenda. IN-18 yenye tarakimu za milimita 40 ndiyo utakayoiona kwenye picha zinazokufanya umeze mate. Iache huko kwanza.

Ukipata IN-12, itazame tarakimu ya 5 kwa makini. Ni 2 iliyopinduliwa juu chini. Wahandisi wa Kisovyeti hawakuona haja ya kuchonga kifaa kingine cha kukatia chuma wakati walichonacho kinatosha. Pia utaona tarakimu zinaruka mbele na nyuma saa inapotembea, kwa sababu hazikupangwa 0, 1, 2, 3. Kwenye IN-12 tarakimu ya 3 iko mbele kabisa na 1 iko nyuma kabisa. Mimi kuruka huku ndiko kunakonivutia kuliko hata rangi.

Volti 170 kutoka kwenye 12

Gesi ina tabia inayowachanganya wengi. Ili ianze kuwaka inadai volti nyingi, kama 170 hivi kwa taa ya IN-12. Ikishawaka inaridhika na pungufu, karibu 140. Na ikishafika hapo, haijizuii: ukiiongezea volti kidogo tu, umeme unaopita unaongezeka kwa kasi mpaka taa iharibike. Kazi ya kuizuia anapewa rezista, yaani kipingamizi cha umeme, anayewekwa kwenye njia ya anodi.

Hesabu yake ni ya darasani. Chukua volti za saketi yako, tuseme 180. Toa 140 zinazobaki kwenye taa. Unabaki na 40, na hizo ndizo zinazopaswa kuishia kwenye rezista. IN-12 inapenda miliampia 2.5. Gawanya 40 kwa 0.0025, unapata omu 16,000. Dukani utakuta kilo-omu 15 au 18. Chukua 18, taa itapungua mwanga kidogo sana na itaishi zaidi. Joto linalozalishwa hapo ni sehemu moja ya kumi ya wati, kwa hiyo rezista ya kawaida ya robo wati inatosha. Kila taa iwe na rezista yake. Ukizipa taa mbili rezista moja, itakayotangulia kuwaka itashusha volti mpaka 140, na mwenzake hatawaka kamwe.

Sasa volti 180 zenyewe zitoke wapi? Kuna anayefikiri: ukutani kuna 230, niweke dayodi, nipunguze. Usifanye hivyo. Umeme wa ukutani ukinyooshwa kwa dayodi na kapasita unafika volti 325, na saketi yote, pamoja na kebo ya kompyuta unayotumia kuingizia programu, inakuwa imeungana na waya wa moto wa nyumba. Njia salama zaidi ni adapta ya volti 12 na saketi ya kupandisha.

Saketi hiyo ina vitu vinne vinavyofanya kazi: koili, mosfeti (transista inayofanya kazi kama swichi), dayodi na kapasita. Mosfeti inaruhusu umeme upite kwenye koili, halafu inakata ghafla. Koili haitaki umeme wake ukatishwe. Kama maji yaendayo kasi kwenye bomba, ukifunga koki kwa ghafla bomba linapiga kishindo, na kishindo hicho kwenye koili ni volti inayoruka juu sana. Dayodi inaupitisha mruko huo kwenda kwenye kapasita na kuuzuia usirudi. Rudia hivyo mara elfu kumi kadhaa kwa sekunde, kapasita inakaa imejaa kwenye 180.

Kuna mambo ambayo michoro haiyasemi kwa sauti. Dayodi isiwe 1N4007, ile inayopatikana kila kona; ni nzito kujifunga, na kwa kasi hiyo umeme unarudi kinyumenyume, inachemka na volti hazipandi. Tafuta UF4004 au UF4007. Mosfeti ya IRF740 inavumilia volti 400 na inafaa, lakini mlango wake unataka kama volti 10 ili ufunguke vizuri, kwa hiyo usiuendeshe kwa volti 5 za maikrokontrola, ile chipu inayobeba programu ya saa. Aisii (chipu) ya 555 inayokula volti 12 inaumudu bila shida, na 555 ni miongoni mwa aisii ambazo fundi wa redio anaweza kuwa nazo kwenye kopo lake. Usiijenge saketi hii kwenye bredibodi pia. Njia zake ni ndefu na legelege kwa umeme unaokatwa kwa kasi hiyo. Tumia verobodi, waya ziwe fupi.

La muhimu kuliko yote ni mrejesho, yaani ile njia inayopima volti za mwisho na kuiambia 555 itulie zikifika 180. Saketi isiyo na mrejesho ikiwashwa bila mzigo, volti zinaendelea kupanda mpaka kapasita au mosfeti iseme basi.

Kama lengo lako ni saa na si somo la umeme, nunua moduli iliyokwisha kutengenezwa kwa ajili ya Nixie. Hakuna aibu. Ila kama umri na muda vinaruhusu, ijenge mwenyewe, maana hiyo ndiyo sehemu utakayoitumia tena katika kazi nyingine.

Na hapa ndipo kitaa cha ekstensheni kinapolipa. Kitoe pamoja na rezista yake, kiunge kwenye saketi yako ya 180. Kikiwaka upande mmoja tu, umeme wako ni DC safi na saketi inafanya kazi. Ukigeuza waya, upande mwingine ndio utakaowaka. Umeshaijaribu sehemu ngumu ya saa bila kuhatarisha taa hata moja.

Kuhusu usalama nisiwe na maneno mengi ila yasikike. Volti 180 za DC zinaweza kuua. Kapasita ya mikrofaradi 4.7 inabaki na umeme baada ya kuchomoa adapta, kwa hiyo iunganishwe na rezista ya kilo-omu 470 sambamba nayo. Ndani ya sekunde kumi na mbili hivi itakuwa imeisha. Ukipima saketi ikiwa hai, mkono mmoja uwe mfukoni. Watoto na simu mbali.

Ghala la vipuri liko kwenye taa zilizoungua

Enejiseva zilizokufa zimejaa majumbani. Ndani ya kitako chake cha plastiki, katika nyingi ya hizo, utakuta kapasita ya mikrofaradi 2.2 hadi 4.7 ya volti 400, na transista mbili za jamii ya 13001 au 13003 zinazovumilia volti 400. Kapasita hiyo ndiyo hasa unayoihitaji mwisho wa saketi ya kupandisha, mradi haijavimba kichwa. Fungua kitako kwa kukichokonoa kwenye mshono na usivunje kioo, kwa sababu ndani ya kioo kuna zebaki.

Hizo transista nazo zinaweza kuwa swichi za kathodi: mguu mmoja kwenye kathodi, mwingine kwenye hasi, na maikrokontrola inaifungua kupitia rezista. Wengi hutumia MPSA42 ya volti 300 kwa kazi hii. Angalia tu kwamba mpangilio wa miguu ya 13001 na ya MPSA42 haufanani, na hata 13001 za viwanda viwili zinaweza kutofautiana. Pima kila moja kwa multimita kabla ya kulehemu.

Njia ya pili, na ndiyo ningemshauri anayeanza, ni aisii ya K155ID1, nakala ya Kisovyeti ya 74141. Unaipa namba kwa nyaya nne, yenyewe inaishusha kathodi moja kati ya kumi kwenda kwenye hasi. Ukiipa namba ya juu kuliko 9, inazima zote, jambo linalofaa sana kwa kuficha sifuri ya mbele. Miguu yake ya umeme haiko kwenye pembe kama aisii nyingi: volti 5 zinaingia mguu wa 5, hasi ni mguu wa 12. Kila moja inahitaji nyaya nne, kwa hiyo taa nne zinadai nyaya 16, na Arduino ndogo, yaani bodi yenye maikrokontrola, itaishiwa miguu. Weka katikati rejista mbili za 74HC595, aisii zinazopokea namba kwa nyaya chache na kuzitoa kwa nyingi, utabaki na nyaya tatu tu.

Mtu makini atauliza: K155ID1 inavumilia kama volti 60, inawezaje kuishi na 180? Jibu liko kwenye tabia ya gesi tuliyoiona. Tarakimu moja ikiwaka, rezista inaishusha anodi mpaka 140. Kathodi zilizozimwa zinapanda zenyewe mpaka karibu 60, ambapo aisii inazishikilia zisizidi. Kati ya 140 na 60 kuna 80, na volti 80 haziwezi kuwasha wala kuendeleza moto wa neoni. Aisii haizuii volti 180. Inaondoa tu zile chache zinazohitajika ili gesi isiwake.

Kuwasha taa kwa zamu, moja baada ya nyingine kwa kasi ili kupunguza aisii, kunawezekana. Kunaleta pia vivuli vya tarakimu iliyopita na transista za ziada upande wa 180. Kwa saa ya kwanza sioni faida yake.

Saa, baridi, na saa za Kiswahili

Kutunza muda kunafanywa na kristali inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 15, kwa hiyo ukiigawa kwa mbili mara 15 unapata pigo moja kwa sekunde. Tatizo ni kwamba kristali hizi zimepimwa kwa joto la nyuzi 25, na huchelewa kadiri joto linavyoachana na hapo, liwe juu au chini. Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Kwa nyuzi 10 kristali ya kawaida hupoteza karibu theluthi mbili za sekunde kwa siku, sawa na sekunde 20 kwa mwezi, mbali na kasoro yake ya kiwandani. Kwa Makete au Njombe ni zaidi.

Ndiyo maana aisii ya DS1307, ambayo inategemea kristali ya nje isiyojirekebisha, haifai nyanda hizi. DS3231 ina kristali ndani pamoja na kipima joto, na inajirekebisha. Kosa lake halizidi kama dakika moja kwa mwaka. Ina betri ya kitufe, hivyo umeme ukikatika taa zinazima lakini saa inaendelea kuhesabu. Moduli nyingi za bei ndogo za DS3231 zina njia ya kuchaji betri. Ukiweka CR2032, ambayo haichajiwi, toa kwanza dayodi au rezista ya njia hiyo.

Wapo wanaopendekeza betri kubwa ili taa zisizime kabisa. Saa ya taa nne inakula kama ampia 0.3 kwa volti 12, na betri ya ampia-saa 7 isingemaliza siku. Kama nyumbani una sola ya volti 12, unganisha hapo. La sivyo, acha zizime.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo michoro ya Wazungu haina. Programu nyingi zilizo tayari zinaonesha 07:00 wakati sisi tunasema saa moja asubuhi. Tumezoea kuitafsiri kichwani bila kujijua, lakini ukijenga saa kwa mikono yako, kwa nini isiseme unavyosema? Hesabu ni fupi: chukua saa ya kimataifa ya saa 24, ongeza 6, gawanya kwa 12, tumia baki, baki ikiwa 0, onesha 12. Saa 7 inakuwa 13, baki 1. Saa 18 inakuwa 24, baki 0, inaonekana 12: saa kumi na mbili jioni.

Kuna njia ya mkato kwa anayetumia ESP32, maikrokontrola yenye Wi-Fi, inayochukua muda kwenye intaneti. Iambie iko Tokyo, UTC+9 (saa tisa mbele ya saa ya kimataifa), na ioneshe saa 12 badala ya 24. Tunakaa UTC+3, tofauti ni saa sita kamili, basi umemaliza. Mimi siipendi njia hii, kwa sababu tarehe itageuka saa kumi na mbili jioni, na kama umeiambia saa ijizime usiku itajizima mchana. Afadhali DS3231 ibaki na saa ya kawaida, na hesabu ifanyike pale tu tarakimu zinapokwenda kwenye taa. Mchana na usiku vitofautishe kwa kitaa kimoja cha neoni pembeni: kiwake kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Mgeni akiingia sebuleni atadhani saa yako ni mbovu. Mwache afikiri kidogo.

Saa ya Kiswahili ina nafuu nyingine ya vipuri. Taa ya kwanza kabisa inahitaji tarakimu ya 1 pekee, kwa ajili ya saa kumi, kumi na moja na kumi na mbili. Muda mwingine inakaa kimya. Taa ya makumi ya dakika inahitaji 0 mpaka 5. Kwa hiyo anayetumia transista za enejiseva anahitaji 1, na 10, na 6, na 10: jumla 27, badala ya 40.

Ila kabla hujafurahia akiba hiyo, ujue ugonjwa wa taa hizi. Kathodi inayowaka humomonyoka kidogo kidogo, na vumbi lake la chuma hutua kwenye tarakimu jirani zisizotumika. Zikikaa miezi bila kuwashwa, siku utakayoziita zitawaka nusu, vipande vipande. Saa yenye K155ID1 inajitibu kirahisi: kila siku usiku, tuseme saa tisa, programu izungushe tarakimu zote kumi kwa dakika chache. Aliyetumia transista 27 hana njia hiyo kwa taa mbili, na dawa yake ni kubadilishana soketi kila baada ya miezi kadhaa, taa ya makumi iende kwenye dakika na ya dakika ije kwenye makumi. Hapo utajua kwa nini nilisifu soketi.

Umri wa taa hutofautiana sana. Za mwanzo kabisa ziliishi saa 5,000 hivi. Za mwishomwisho, zilizotiwa zebaki kidogo kuzuia mmomonyoko, nyingine zilifika 200,000. Mwaka una saa 8,760. Kuizima saa kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri ni kuongeza maisha bila gharama.

Sanduku, unyevu, na siku taa zinapofika

Mbao ya paini ya Mafinga ni laini, inachongwa kwa vifaa vya nyumbani na inashika vanishi vizuri. Mninga ni mzuri zaidi, na ni mzito kwa mfuko. Acha matundu nyuma kwa ajili ya koili na kidhibiti cha volti 5.

Kuna wanaoogopa mwinuko, kwamba hewa nyepesi ya huku juu itaruhusu umeme uruke. Gesi ya taa imefungwa ndani ya kioo, haijui kama iko Kyela bondeni au Kitulo juu milimani. Na hewa ya nje haiwezi kurushwa cheche kwa volti chini ya 327 hivi, hata uiweke kwenye shinikizo gani. Adui wa kweli ni unyevu. Kwa Tukuyu, ambako mvua ni nyingi, mabaki ya gundi ya kulehemia yanayoachwa kwenye bodi hufyonza maji na kuanza kupitisha umeme kati ya njia za 180, na utaona tarakimu mbili zikiwaka kwa unyonge kwa pamoja. Safisha bodi kwa spiriti na mswaki mkavu, kisha ipige vanishi ya saketi.

Saketi ikishasimama na kitaa cha ekstensheni kimeshathibitisha volti, hapo agiza taa. Nunua tano kwa saa ya taa nne. Muulize muuzaji kama ni za ghalani ambazo hazijatumika au zimechomolewa kwenye mashine, na kama amejaribu tarakimu zote kumi. Zikifika, usizichomeke kwenye saa moja kwa moja. Unga anodi kwenye 180 kupitia rezista ya kilo-omu 33, kisha gusisha hasi kwenye mguu mmoja baada ya mwingine kwa waya wenye kishikio cha plastiki, ukitazama kila tarakimu inavyowaka. Inayowaka nusu si lazima iwe imekufa: badilisha rezista mpaka umeme ufike mara mbili ya kawaida kwa tarakimu hiyo pekee, iache iwake saa kadhaa ukiwa karibu, na mara nyingi ganda linatoka. Isiyowaka tarakimu hata moja imepoteza gesi. Hiyo mrudishie muuzaji.